Kupanga yoga ya wiki 12 kwa wenye ugonjwa wa moyo

Katika darasa la yoga la watu wenye ugonjwa wa moyo kuna nyakati mbili za kuchungwa kuliko zote: mtu anapoinuka kutoka chini, na mtu anapobana pumzi bila kujua. Mkao mgumu kila mmoja anauogopa, kwa hiyo ataufanya kwa hadhari. Kuinuka hakumtishi mtu, na hapo ndipo presha inaposhuka ghafla, macho yakaingia giza, mtu akaanguka. Ndiyo maana mpango huu umejengwa juu ya pumzi na namna ya kukaa, kusimama na kulala. Mikao yenyewe ni michache na ya kawaida.

Umeandikwa kwa mwalimu wa yoga au mtaalamu wa fiziotherapia anayetaka kuendesha kikundi kidogo kwa wiki 12 akishirikiana na kliniki ya moyo. Kama hakuna kliniki unayoweza kuipigia simu, usianze.

Cha kumwambia mshiriki siku ya kwanza

Jaribio la Yoga-CaRe lilifanyika India katika vituo 24, likachukua wagonjwa 3,959 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Kundi la yoga lilipata vikao 13 ndani ya wiki 12 pamoja na mazoezi ya nyumbani. Hao walijiona wana afya bora na walirudia shughuli zao za awali vizuri kuliko waliopewa elimu ya kawaida. Hata hivyo, jaribio halikuthibitisha kwamba yoga inapunguza vifo au shambulio jipya. Mweleze mshiriki hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Ukimwahidi kwamba yoga itazibua mishipa, mwezi wa pili ataacha dawa, na hilo ni hatari kuliko mkao wowote utakaomfundisha.

Mweleze pia kwamba yoga ya polepole ni kazi nyepesi. Mwili unatumia nguvu kama mara 2 hadi 2.5 ya ile ya kukaa kimya. Haitoshi peke yake kuujenga moyo, kwa hiyo kutembea ni sehemu ya mpango tangu wiki ya kwanza.

Mpango wa India ulilenga watu ambao mishipa ya moyo imeziba. Darasa la Dar es Salaam, Mombasa au Kampala litakuwa na sura nyingine. Uchunguzi wa THESUS-HF, uliohusu watu 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52 tu. Presha ndiyo iliyoongoza kati ya visababishi, na mishipa iliyoziba ilikuwa chanzo kwa chini ya mtu 1 kati ya 10. Basi jiandae kumpokea binti wa miaka 28 ambaye valvu yake, yaani mlango wa kupitisha damu ndani ya moyo, iliharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Jiandae pia kwa mama ambaye moyo wake ulitanuka baada ya kujifungua, na mzee wa presha ya miaka mingi. Ratiba moja iliyonakiliwa mtandaoni haiwezi kuwafaa wote hao.

Kumpokea

Omba barua ya kliniki yenye mambo matano: jina la ugonjwa, asilimia ya nguvu ya moyo kusukuma damu (ile inayoandikwa EF kwenye majibu ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), tarehe ya shambulio au upasuaji, dawa na dozi zake, na makatazo. Mtu akija na barua iliyoandikwa "anaruhusiwa mazoezi" bila zaidi, irudishe kwa upole ikajazwe.

Usimwanzishe mtu mwenye maumivu ya kifua yanayokuja akiwa amepumzika au yanayozidi wiki hadi wiki. Mwenye valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, iliyosinyaa sana. Mwenye mapigo yanayokwenda ovyo na hayajadhibitiwa. Mwenye maambukizi au uvimbe wa moyo ambao bado unatibiwa. Mwenye damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu siku za karibuni. Wala aliyevimba miguu na kukosa pumzi kiasi cha kushindwa kulala. Aliyewahi kuzimia akiwa anafanya kazi au anakimbia asianze kabla ya kufanyiwa eko, hata kama ni kijana na anaonekana mzima kabisa.

Halafu kaa naye umuulize. Maswali ya kwenye fomu hayafiki mbali. Ya maisha yake ndiyo yanayofungua mambo. Unalala na mito mingapi? Anayehitaji mitatu hawezi kulazwa chali kwenye mkeka. Ukiinuka kutoka kwenye sujudi, au ukinyanyuka baada ya kuinama kufua, unasikia kizunguzungu? Ukiinama kufunga kamba za viatu pumzi inakata? Kama inakata ndani ya nusu dakika, hiyo ni dalili ya moyo uliolemewa, na kuinama mbele kunaondolewa kwenye programu yake. Una kiungulia au "gesi" inayokuja ukipanda mlima na kutoweka ukisimama? Hili usiliruke. Watu wengi hutibu maumivu ya moyo kama vidonda vya tumbo kwa miezi, na kinachowatofautisha ni hiyo tabia ya kuja na mwendo na kuondoka kwa kupumzika. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili inaweza kuwa uchovu usioelezeka, kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo, bila kifua kuuma kabisa.

Mwisho, pima. Akae dakika 5 ameegemea, nyayo zote chini, mkono ukiwa usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima presha na mapigo, kisha msimamishe upime tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huyo ni mtu wa kuanguka akiinuka. Weka alama kwenye kadi yake, na kwa wiki 4 za kwanza asishuke sakafuni. Kliniki ikiruhusu, pima pia umbali anaotembea kwa dakika 6 kwenye njia tambarare ya mita 30. Utaurudia wiki ya 12.

Kila ugonjwa na mipaka yake

Aliyefunguliwa kifua: mfupa wa kifua unahitaji kama wiki 8 hadi 12 kuunga. Katika muda huo viwiko vikae karibu na mbavu kila anaposukuma au kuvuta. Mikono miwili inaweza kupanda pamoja mbele yake hadi mahali pasipouma, lakini mkono mmoja kuvutwa upande huku mwingine umebaki huweza kuutenganisha mfupa. Hakuna kutambaa kwa mikono na magoti, hakuna mkao wa mbwa anayeinama (mikono na nyayo chini, nyonga juu), hakuna kujisukuma kwa mikono kutoka kwenye kiti. Anainuka kwa miguu, mikono imekunjwa kifuani. Akisikia mfupa unalia kama unasagana, au kidonda kinatoa majimaji, anarudi hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka mshipa wa moyo wazi: kama waya ulipitia kwenye kifundo cha mkono, asiegemee mkono huo kwa wiki nzima. Kama ulipitia kwenye nyonga, asijikunje sana nyonga wala kuchuchumaa kwa muda huo huo.

Mwenye betri ya moyo, kifaa cha kuongoza mapigo kilichopachikwa kifuani: kwa wiki 4 hadi 6 kiwiko cha upande wa betri kisipande juu ya bega. Lakini asiufunge mkono kabisa, maana bega litakauka. Auzungushe kidogo kidogo chini ya usawa wa bega. Kama betri yake ni ya aina inayopiga shoti, uliza kliniki imepangwa kufanya kazi kwenye mapigo mangapi, na mapigo yake mazoezini yabaki chini ya namba hiyo kwa 10 hadi 20.

Mwenye valvu ya mitrali iliyosinyaa: damu yake inahitaji muda kupita kwenye mlango mwembamba. Mapigo yakienda mbio, muda wa moyo kujaa unapungua, damu inarudi kwenye mapafu, pumzi inakata. Kwake kila mkao unafuatwa na pumziko lenye urefu ule ule, na hakuna kuunganisha mikao mfululizo. Aliyebadilishiwa valvu ya chuma anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo kuanguka kidogo tu kunaweza kumletea damu ya ndani. Mikao yake yote ya kusimama ifanyike ukutani.

Moyo unaoshindwa kusukuma: asilale bapa, na asiegemeze miguu ukutani. Mkao huo unaosifiwa kama mapumziko humimina damu ya miguuni kwenye moyo ambao tayari umezidiwa. Apime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si mafuta. Kikao kinaahirishwa na kliniki inapigiwa simu.

Dawa zinabadilisha unachokiona

Anayetumia atenolol, bisoprolol au carvedilol mapigo yake hayapandi kama ya wengine. Mwalimu anayeongoza kwa kuhesabu mapigo ataona 85 na kuamini mtu amepumzika, kumbe amechoka hoi. Kwa hiyo tumia kipimo cha Borg cha 0 hadi 10, mshiriki mwenyewe akisema: 0 ni kama amekaa, 10 ni mwisho wa uwezo wake. Lenga 2 hadi 3 katika mwezi wa kwanza, 3 hadi 4 baadaye. Kipimo cha pili ni mazungumzo. Mtu awe anaweza kumaliza sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati.

Amlodipine, losartan, enalapril na dawa za nitreti hutanua mishipa au kuilegeza, na joto la mwili baada ya mazoezi linaongezea. Ndiyo sababu presha huweza kuanguka dakika 10 baada ya kikao, mtu akiwa tayari barabarani. Furosemide, ile dawa ya mkojo, isigongane na kikao. Akiimeza saa moja kabla atatoka kwenda chooni mara 3 na atabana pumzi akijizuia. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenclamide, sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L ale kwanza kitu chenye wanga, halafu asubiri.

Chumba na vifaa

Kiti ndicho kifaa kikuu. Kiwe cha mbao au chuma, bila magurudumu, urefu wa sentimita 43 hadi 45, mgongo wake ukigusa ukuta. Viti vya plastiki huachama miguu kwenye marumaru, hasa mtu anapokaa kwa kishindo. Mkeka wa kawaida wa ukindu unateleza, kwa hiyo tandika ule wa mpira. Kanga mbili kwa kila mtu: moja ikunjwe kuwa mto, nyingine iwe kamba ya kuvutia mguu. Uwe na kipima presha chenye mikanda ya saizi mbili, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia.

Washiriki wasizidi 8, na mwalimu awe na msaidizi. Mmoja akizidiwa, mwalimu anashughulika naye na msaidizi anabaki na saba waliobaki, ambao mioyo yao imeshaanza kwenda mbio kwa hofu.

Pwani fanya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Chakula kiwe kimeliwa saa 2 kabla ya kikao. Usitoe agizo la jumla la "kunyweni maji mengi", maana wapo waliowekewa kiwango cha maji na daktari. Mwezi wa Ramadhani wafungaji huhamishia dawa zao kwenye futari na daku, kwa hiyo presha ya alasiri si ile uliyoizoea. Wafanye saa 2 baada ya futari, kikao kifupi cha nusu saa, na waonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kikao cha dakika 60

Dakika 10 za kwanza ni za kupima na kuuliza. Umemeza dawa leo? Umelala vipi? Uzito? Presha ikiwa 180 au zaidi juu, au 110 na zaidi chini, hakuna mazoezi. Apumzike, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikibaki hivyo kliniki inaarifiwa. Ikiwa kati ya 160 na 179, au 100 na 109 chini, anafanya pumzi na mapumziko tu. Chini ya 90 juu pamoja na kizunguzungu, hasimami. Mapigo zaidi ya 100 akiwa amekaa tuli, mwili una jambo: homa, maji kupungua, dawa kusahauliwa, au moyo wenyewe. Asianze mpaka ijulikane.

Dakika 12 za kupasha mwili, zote kwenye kiti. Nyayo juu na chini mara 10, kwa sababu misuli ya vigimbi ndiyo pampu inayorudisha damu. Goti moja moja kunyooka mara 6. Mabega kuzunguka mara 5 nyuma, 5 mbele. Mikono kupanda na pumzi ya kuingia, kushuka na ya kutoka, mara 6. Wiki 4 za kwanza ziishie usawa wa bega. Usimwache mtu ashikilie mikono juu. Kwa uzito ule ule, kazi ya mikono hupandisha presha na mapigo kuliko kazi ya miguu, na mikono ikikaa juu ya kichwa inazidi. Kisha mgongo kujipinda na kunyooka taratibu kwa pumzi 6, na kugeuka upande pumzi 3 kila upande, mkono ukiwa juu ya goti bila kuvuta.

Dakika 13 za mikao. Anza na kukaa na kusimama mara 5: nyayo nyuma kidogo ya magoti, kiwiliwili mbele, toa pumzi unapoinuka, vuta pumzi ukiwa wima, toa tena unapokaa. Ukiambiwa uchague zoezi moja la kubaki nalo, lichague hili. Ni la choo, la daladala na la kanisani. Kisha kusimama wima mgongo ukutani kwa pumzi 5, kuinua visigino mara 8 mikono ikigusa kiti, na mkao wa shujaa (mguu mmoja mbele, goti lake limekunjwa) kwa hatua fupi ya sentimita 60 hivi, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Shikilia pumzi 2, si zaidi, kwa mwezi wa kwanza. Misuli inayokazwa bila kusogea hubana mishipa yake yenyewe, presha ikapanda kila sekunde inavyopita. Ni afadhali kuingia na kutoka kwenye mkao mara 4 kuliko kuushikilia mara moja kwa dakika.

Dakika 8 za pumzi, dakika 12 za mapumziko, na dakika 5 za kupima tena. Wabaki hapo dakika 15 zaidi wakizungumza. Hapo utamwona anayeanza kuloa jasho.

Pumzi

Lengo ni pumzi 6 hivi kwa dakika, lakini hakuna anayelifikia siku ya kwanza. Anza na hesabu ya 3 kuingia na 3 kutoka. Wiki ya 3 iwe 3 kwa 4, wiki ya 5 iwe 4 kwa 5, wiki ya 7 iwe 4 kwa 6, ambayo ni sekunde 10 kwa pumzi moja. Puani, bila sauti, tumbo likijaa kabla ya kifua. Kutoka kunakuwa kurefu kwa sababu mapigo hupungua wakati pumzi inatoka.

Mwaka 2001 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Italia kwa watu wazima 23 wenye afya. Ulikuta kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kurudia mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, vyote vilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, na vihisio vya presha mwilini vikawa vyepesi zaidi kuitikia. Hii inakupa uhuru mkubwa. Si lazima mtu aseme "Om". Mkristo anaweza kupanga hesabu yake kwa rozari, Mwislamu kwa uradi anaouzoea, na asiyetaka neno lolote akahesabu vidole. Waeleze wazi kwamba darasa halimfundishi mtu dini, kisha ushikilie ahadi hiyo.

Kisichofanywa kabisa ni kushikilia pumzi ndani au nje, na pumzi za kasi kama kapalabhati na bhastrika. Mtu akibana pumzi na kukaza tumbo, mgandamizo kifuani unazuia damu kurudi kwenye moyo na presha inashuka. Akiachia, damu inarudi kwa kishindo na presha inaruka juu. Moyo mzima unavumilia, mgonjwa huenda usivumilie. Dalili za kubana ni shingo yenye mishipa iliyotutumka, meno yaliyoumana, na kimya. Dawa yake ni kumfanya ahesabu kwa sauti anapofanya kazi, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Midomo ikianza kuwasha au vidole kufa ganzi, anavuta nyingi mno. Arudie pumzi yake ya kawaida, asiongezewe kina.

Kulala na kuinuka

Mapumziko yafanyike kiegemeo kikiwa na mwinuko wa digrii 30 hadi 45, mto chini ya magoti, kanga juu ya miguu. Wanaokataliwa sakafu wabaki kwenye kiti, miguu juu ya kigoda kifupi. Kuinuka kuna hatua zake, na kila mmoja azifuate hata akijiona mzima:

1. Chezesha vidole vya mikono na miguu kwa dakika 1, macho yakiwa wazi.
2. Kunja magoti, geukia ubavu wa kulia, baki hapo pumzi 5.
3. Jisukume taratibu hadi kukaa, kichwa kikija mwisho. Baki dakika 1. Aliyefunguliwa kifua hafiki sakafuni kabla ya wiki 12 tangu upasuaji kupita, kwa hiyo hatua hii haimhusu.
4. Sogea kwenye kiti, kaa juu yake, pandisha na kushusha nyayo mara 10.
5. Simama ukiwa umeshika mgongo wa kiti, hesabu hadi 30 kabla ya kupiga hatua.

Zinachukua kama dakika 4. Mwalimu aliyechelewa huzikata hizi ili amalize kwa wakati. Kama lazima ukate, kata mikao.

Wiki 12 zinavyopanda

Wiki ya 1 na 2: vikao 2 kwa wiki vya dakika 40, vyote kwenye kiti, na kutembea dakika 5 hadi 10 kila siku. Wiki ya 3 na 4: kikao kinafika dakika 60, mikao ya ukutani inaingia, matembezi dakika 15. Wiki ya 5 hadi 8: wanaoruhusiwa wanashuka sakafuni, mikono inapita juu ya mabega, mkao wa shujaa unafika pumzi 4, matembezi dakika 20 hadi 25. Wiki ya 9 hadi 12: kukaa na kusimama kunafika mara 10 kwa awamu 2, matembezi dakika 30 kwa siku 5 za wiki, ambazo zinatimiza zile dakika 150 zinazopendekezwa.

Ongeza jambo moja kwa wiki, basi. Ukiongeza muda na mkao kwa pamoja na mtu akazidiwa, hutajua ni kipi kilichomzidi. Akisema 5 au zaidi kwenye kipimo cha Borg vikao 2 mfululizo, mrudishe hatua moja. Mpangilio wa kusalimia jua hauingii humu. Unachanganya kuinama, kuinuka na kubeba uzito kwa mikono ndani ya dakika moja, yaani kila tulichokitenganisha. Yoga ya chumba chenye joto haifai kabisa, wala kusimama kwa kichwa au mabega.

Nyumbani afanye dakika 15 siku ambazo hakuna darasa: nyayo, kukaa na kusimama, pumzi. Mwandikie kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa.

Mambo yakienda kombo

Maumivu ya kifua, taya au mkono: simamisha kila kitu, mkalishe nusu wima magoti yakiwa yamekunjwa. Kama alipewa dawa ya chini ya ulimi, aitumie dozi 1 akiwa amekaa, kwa sharti kwamba presha ya juu haiko chini ya 90 na hajameza dawa za nguvu za kiume ndani ya siku 2. Muulize hili faraghani na bila haya, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kuua. Maumivu yakibaki baada ya dakika 5, ni hospitali, kwa gari ambalo namba ya dereva wake uliiandika ukutani kabla ya darasa la kwanza.

Kukosa pumzi na kuzimia havitibiwi sawa. Anayekosa pumzi anakalishwa wima, miguu ikining'inia, ukimlaza utamzamisha. Aliyezimia kwa presha kushuka analazwa chali na miguu inainuliwa. Akiwa hapumui kawaida na haitiki, mpe mgandamizo katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Mwalimu na msaidizi wote wawe wamefanya mafunzo hayo kwa mikono yao kwenye sanamu, na wayarudie kila mwaka.

Kadi ya kila mshiriki ibebe tarehe, presha kabla na baada, mapigo, uzito, namba ya Borg na dalili yoyote. Wiki ya 12 rudia matembezi ya dakika 6. Ongezeko la mita 30 au zaidi linahesabika. Mpe nakala ya kadi aende nayo kliniki. Namba 24 za presha zilizopimwa kwa utulivu zinaweza kumsaidia daktari kurekebisha dozi kuliko kipimo kimoja cha haraka baada ya foleni ya asubuhi.